Barua ya wazi: Aliyemwambia dada yangu "hustahili" ni nani?

Mombasa, Oktoba 2025

Kwa Wakurugenzi,
Kampuni ya ushauri wa viza na uhamiaji (jina nimelihifadhi, nyinyi mnajijua),
Mombasa.

Nakala: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Nairobi.

Waheshimiwa Wakurugenzi,

MINTARAFU: ROBOTI YENU YA WHATSAPP INAYOCHUJA WATEJA

Kwa heshima na taadhima naomba mnisikilize. Nimewaandikia kwa faragha mara tatu mwaka huu: tarehe 12 Mei, tarehe 3 Juni na tarehe 14 Julai. Barua ya kwanza nilijibiwa na roboti ileile niliyokuwa nikiilalamikia, ikaniuliza nataka kwenda nchi gani. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na karani wenu, kijana mwenye adabu zake, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mzee, ikishasema hapana, hata sisi hatuwezi kuigeuza." Ndipo nikaona sina budi kuandika hadharani.

Mimi ni karani wa klaringi, kazi ya kutoa mizigo forodhani, nimekula chumvi ya bandari hii kwa zaidi ya miaka 25. Fomu siziogopi wala mashine sizichukii. Na nianze kwa kusema la haki: roboti yenu haiombi chai, haimkalishi mtu kwenye ngazi tangu asubuhi, na hujibu hata usiku wa manane. Mtu wa Likoni haina haja tena avuke feri kwenda kuuliza swali moja. Hilo ni jema na sitalikana. Ninayoyalalamikia ni haya yafuatayo.

1. Roboti haielewi lugha inayodai kuizungumza.

Dada yangu mkubwa ana miaka 63, ni mjane, na kila alfajiri huuza mahamri na mbaazi mlangoni kwake. Binti yake ni raia wa Kanada, na mwezi wa Aprili alikuwa mjamzito, akitarajia kujifungua Agosti. Dada akataka kwenda. Akaambiwa na majirani kwamba siku hizi kwenu huanzi na mtu, unaanza na nambari ya WhatsApp. Basi akaketi na simu yake, akajibu. Mimi mazungumzo hayo niliyaona baadaye, Ijumaa moja baada ya swala, nikayasoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Nanakili sehemu yake kama ilivyo:

Roboti: Mambo rafiki! Mimi ni msaidizi wako wa uhamiaji. Lengo la safari yako ni nini?
Dada: Kumlea mzazi.
Roboti: Asante! Nimeelewa: KAZI, kuhudumia wazee. Je, una cheti cha uuguzi?
Dada: Sina mwanangu.
Roboti: Una kazi kwa sasa?
Dada: Sina.
Roboti: Una wategemezi wangapi?
Dada: Saba, Mungu ndiye mpaji.
Roboti: Pole rafiki. Kwa sasa HUSTAHILI. Jaribu tena baada ya miezi 12.

Wakurugenzi, mmoja wenu nimesikia ni mtu wa hapahapa Mombasa. Muulizeni: mzazi ni nani? Kwetu mzazi ni mwanamke aliyejifungua. Kumlea mzazi ni kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga, kumshikia mtoto ili apate usingizi, mpaka atoke arobaini. Mama anayesema anakwenda kumlea mzazi amekwambia kila kitu kwa maneno mawili. Roboti yenu ikasikia kwamba anatafuta kazi ya kulea wazee.

Halafu hilo "sina mwanangu". Hakuweka mkato, na nani anaweka mkato kwenye WhatsApp? Alikuwa anamjibu kwa upole, kama anavyomjibu kila kijana anayemuuliza bei ya hamri. Kwenye muhtasari niliopewa ofisini kwenu imeandikwa: Watoto: hakuna. Yaani mwanamke anayeomba kwenda kwa bintiye ameandikwa hana mtoto.

"Sina kazi" nalo. Binadamu angecheka kidogo akamuuliza, basi mama unakula nini? Angeambiwa habari ya mahamri, na ya nyumba ya Kisauni yenye vyumba vinne vya kupangisha, hati ikiwa kwa jina lake. Wanawake wengi wa rika lake hawaiiti biashara yao kazi. Kazi kwao ni ile ya kuajiriwa. Na wale wategemezi saba ni wajukuu, na mtoto wa marehemu ndugu yetu, na mama yetu mzazi ambaye bado yu hai. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anasafiri naye.

Kuna na lile la "mambo rafiki". Najua ni dogo. Lakini mwanamke wa miaka 63 huamkiwa, haambiwi mambo.

Lililoniudhi zaidi ni hili. Nilimpa kijana wangu aandike habari ileile kwa Kiingereza kutoka simu nyingine: umri uleule, mjane, binti raia wa Kanada, anakwenda kumsaidia atakapojifungua. Ndani ya dakika tano roboti ikasema ANASTAHILI, aweke miadi. Mtu mmoja, maisha yaleyale, lugha mbili, majibu mawili. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kama hamkiwezi, andikeni wazi kwamba roboti ni ya Kiingereza, mtu atafute wa kumsaidia. Kuliko kumkaribisha kwa Kiswahili halafu kumhukumu kwa Kiswahili ambacho hamkijui.

2. "Hapana" yake haina mwenyewe.

Kanada ina viza ya wazazi na mababu wa raia na wakazi wa kudumu, hiyo watu wanaiita supa viza. Tangu Julai 2022 aliye nayo anaweza kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja. Kipimo cha mapato kinamwangukia mtoto au mjukuu anayealika. Mgeni anatakiwa bima ya afya ya angalau mwaka mmoja, isiyopungua dola 100,000 za Kanada, apimwe afya, na afisa aridhike kwamba nia yake ni kutembelea na kwamba ana sababu za kurudi kwao. Hakuna popote mama anapoulizwa cheti cha uuguzi. Kwa hiyo dada hakushindwa na sheria ya Kanada. Sheria ya Kanada hata haijaonana naye. Alishindwa mlangoni kwenu, na sijui na nani.

Ngojeni niwaambie tunavyofanya bandarini. Mfumo wa forodha huchuja mizigo kwa kompyuta, na mzigo ukipewa rangi nyekundu haurudishwi baharini. Anakuja afisa, sili inakatwa, kontena linafunguliwa, bidhaa zinatazamwa kwa macho. Nimeona mashine ikitilia shaka kontena la vigae na afisa akaliachia, na nimeona kinyume chake. Muhimu ni kwamba kwenye karatasi kuna jina na sahihi, na mimi nisiporidhika najua mlango wa kubisha. Vigae vina afisa wa kuvitazama. Dada yangu hakuwa naye.

Na jambo hili lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake ikiwa uamuzi huo unamgusa kwa uzito. Kifungu hichohicho kinataka aliyeamuliwa hivyo aarifiwe kwa maandishi, na kinampa nafasi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Dada hakuarifiwa kwamba ni mashine iliyoamua. Yeye alidhani anaongea na binti fulani ofisini. Alimwita mwanangu.

3. "Ndiyo" yake ndiyo inayonitisha zaidi.

Kijana wa jirani yetu, mpishi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, aliuliza Agosti mwaka huu kuhusu kwenda Uingereza kufanya kazi ya ulezi, pamoja na mkewe na mtoto. Roboti ikamwambia hongera, unastahili, na familia yako pia. Ikamtumia nambari ya malipo. Akalipa shilingi 15,000 za "mashauri" kwa M-Pesa siku hiyohiyo.

Uingereza iliwazuia walezi wapya kuandamana na familia tangu tarehe 11 Machi 2024. Kisha tarehe 22 Julai 2025 ikafunga kabisa mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje. Maana yake roboti yenu ilimuuzia kijana mlango uliokuwa umefungwa wiki kadhaa nyuma, na kumwongezea mkewe juu, ambaye alishazuiwa zaidi ya mwaka mzima. Alipokuja kudai fedha zake akaonyeshwa mstari wa maandishi madogo: ada hairudishwi.

Mwenye kuambiwa hapana anaweza kwenda kuuliza kwingine. Aliyeambiwa ndiyo haulizi tena. Anauza pikipiki, anaaga kazini. Huyu wetu bahati yake ni kwamba hakuwa ameacha hoteli.

4. Inawafundisha watu uongo.

Kuna kitufe cha "Jibu tena". Ukikataliwa unarudi nyuma, unabadilisha jibu, unajaribu. Vijana wa saiba, yaani vibanda vya intaneti, wameshaijua njia yake: kwa shilingi 200 wanakujazia mpaka itoke kijani, yaani unastahili. Umewahi kunyimwa viza? Weka hapana. Umewahi kupitisha muda nchi za watu? Weka hapana. Nimekaa saiba moja mjini nikiona kwa macho yangu mama mmoja akiulizwa, "Kule Oman ulirudishwa au ulirudi mwenyewe?" na kabla hajajibu kijana ameshabonyeza.

Majibu hayo ndiyo baadaye yanaingia kwenye fomu ya ombi, kwa maelezo yenu wenyewe. Na nyinyi mnajua vizuri kuliko mimi kwamba Kanada ikigundua mtu ametoa habari za uongo katika ombi lake inaweza kumfungia miaka 5. Atakayefungiwa ni yule mama, si kijana wa saiba wala nyinyi. Mshauri anayeijua kazi yake huketi na mteja akamwambia, liseme hilo la Oman, tulieleze, kulificha ndiko kutakakokumaliza. Mashine yenu inamwonyesha rangi nyekundu na kumwachia kitufe.

5. Karatasi zetu ziko wapi?

Kabla ya kumkatalia, roboti ilimtaka dada picha ya kitambulisho, cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi, cheti cha kifo cha mumewe, hati ya nyumba, na majina ya watoto na wajukuu. Sheria ile ya 2019 inataja hali ya ndoa, mali na habari za familia miongoni mwa data nyeti. Nimeuliza mara tatu zimehifadhiwa wapi, nani anaziona, na zitafutwa lini iwapo mtu si mteja wenu. Naona swali hili ndilo lililofanya barua ya pili isijibiwe.

6. Saa.

Hili ni fupi. Roboti humpa mtu miadi ya "saa 3:00". Mswahili anafika saa tatu asubuhi. Kumbe ni saa tisa mchana. Nimewakuta ngazini kwenu wazee wanne siku moja wamekaa tangu asubuhi kwa sababu hiyo, mmoja katoka Kwale.

Sasa najua mtakayoyasema, maana mengine nilishaambiwa.

Mtasema hiyo ni ya kuchuja tu, si uamuzi. Lakini mtu akiambiwa HUSTAHILI kwa herufi kubwa, arudi baada ya miezi 12, na ofisini hakuna anayeweza kugeuza, hicho ni nini kama si uamuzi? Mtoto alitarajiwa Agosti. Miezi 12 ilikuwa ya kungojea nini?

Mtasema watu ni wengi na washauri ni wachache. Naamini. Basi mashine ikusanye majina, tarehe na nchi, iwapange watu kwenye foleni, ikumbushe miadi. Kazi hiyo inaiweza. Ila kumwambia mtu ndiyo au hapana katika jambo la sheria ni ushauri. Kanada yenyewe hairuhusu mtu kulipwa kwa ushauri wa uhamiaji wake isipokuwa awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni ya baraza lao, lililoanza kazi Novemba 2021. Mnatangaza kwamba mna mshauri wa namna hiyo. Leseni hiyo alipewa yeye. Roboti ina leseni ya nani?

Mtasema mteja alibonyeza "Nakubali". Alikubali kuongea. Hakukubali kwamba hakuna binadamu atakayemsoma, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Nimetafuta.

Na mtasema, kama nilivyoambiwa kwa simu mwezi wa Juni, kwamba "hayo ni makosa ya mfumo, si ya kampuni". Kisingizio hiki kimeshapelekwa mbele ya waamuzi huko Kanada mnakotupeleka. Roboti ya shirika la ndege la Air Canada ilimwambia abiria aliyefiwa na bibi yake kwamba angeweza kununua tiketi kisha akadai nafuu ya wafiwa baadaye. Haikuwa kweli. Shirika likajitetea kana kwamba roboti inajibu kwa niaba yake yenyewe. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia likakataa: maneno yaliyo kwenye tovuti ya kampuni ni ya kampuni, yawe yameandikwa na mtu au yametoka kwa roboti. Likaamuru abiria alipwe zaidi ya dola 800 za Kanada. Fedha si nyingi, lakini kesi imeandikwa.

Ninachoomba si roboti ifungwe. Naomba hivi. Kila "hustahili" na kila "unastahili" isomwe na mshauri kabla ya kumfikia mtu, na chini yake pawe na jina lake na nambari ya simu inayopokelewa. Mwanzo wa mazungumzo paandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba anayejibu ni mashine, na pawe na neno moja la kumwita binadamu, hata ikiwa atajibu kesho. Kiswahili chake kipitiwe na watu wa hapa, wa Mji wa Kale, wa Kisauni, wa Likoni, sio mtafsiri aliyekaa mbali. Kitufe cha "Jibu tena" kiondolewe kwenye maswali ya kunyimwa viza na kufukuzwa nchini. Sheria zinapobadilika, tarehe ya mara ya mwisho roboti kusahihishwa ionekane. Kijana mpishi arudishiwe shilingi 15,000 zake. Na wote waliokataliwa kwa Kiswahili tangu Januari mwaka huu waitwe, faili zao zisomwe upya na mtu, bila malipo. Hili la mwisho ndilo kubwa kwangu, kwa sababu dada yangu alikuwa na kaka mwenye domo. Sijui wangapi walisoma lile neno wakazima simu wakalala.

Kuhusu dada mwenyewe: mshauri wenu alimpigia Julai mwishoni, akakiri kwamba faili ilisomwa vibaya, akaahidi kuanza upya. Namshukuru kwa hilo. Mtoto alizaliwa wiki ya pili ya Agosti, mvulana. Arobaini imetoka, mzazi akilelewa kwa simu, bibi akiwa huku anamwelekeza uji utiwe pilipili manga kiasi gani na mume akiwa kule anakoroga. Ombi la dada bado liko mezani kwenu.

Nawapa siku 21 kuanzia leo. Zikipita bila jibu, nakala iliyotajwa hapo juu itageuka kuwa malalamiko rasmi kwa Kamishna, ambaye kisheria ana siku 90 za kuyachunguza na kuyamaliza. Mazungumzo yote nimeyapiga picha. Dada ameridhia nitumie yake, na mpishi pia.

Jina langu na nambari yangu mnavyo kwenye zile barua tatu. Tafadhali atakayepiga awe mtu.

Wenu mwaminifu,
Karani wa klaringi,
Majengo, Mombasa.